Hatujabaki M-Pesa kwa sababu sisi ni kondoo

Kila bei ikipanda, ama M-Pesa ikilala masaa mawili, lazima atokee mtaalamu fulani na simu yake mpya atuambie Wakenya ni kondoo. "Mnalalamika na bado mnatumia. Si muhamie kwingine?" Halafu watu wanampigia makofi.

Sasa mimi naandika nikiwa Kanyakine, Imenti Kusini, mahali watu wengi hawaijui mpaka uwaambie "huku karibu na Nkubu". Sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili na sahii natengeneza video, kwa hivyo usiningojee nikuletee maneno makubwa ya uchumi. Lakini hesabu ya kujumlisha najua, na jirani zangu nawajua. Nataka kumjibu huyo mtaalamu pole pole.

Msimamo wangu ni huu. Watu wanaendelea kutumia M-Pesa kwa sababu wamepiga hesabu, na hesabu yao iko sawa. Na kwa sababu hesabu yao iko sawa, anayepanga bei anajua hawawezi kutoka. Hapo ndio kuna shida. Ukimtukana anayelipa, unamwachia anayelipisha aende zake akipiga mluzi.

Tuanze na maneno matatu ambayo kila mtu hapa anayajua: "na ya kutoa". Mtoto yuko Nairobi, shosho yuko nyumbani, anataka mia mbili ya unga na sukari. Shosho hasemi "nitumie mia mbili". Anasema "nitumie mia mbili na ya kutoa". Hapo tayari amekufundisha uchumi kuliko huyo mtaalamu.

Piga hesabu na bei zilizowekwa 2023 baada ya ushuru kupanda. Kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa ejenti ni shilingi 29. Kwa hivyo lazima utume 229 ndio shosho ashike 200. Kutuma 229 ni shilingi 7. Jumla umetumia 236. Yaani shilingi 36 zimeenda ili 200 ifike. Hiyo ni asilimia 18.

Punguza mpaka mia moja. Watu wanasema kutuma mia ni bure, na ni kweli, lakini ukiongeza ya kutoa, ambayo ni 11, unatuma 111, na 111 si bure tena, ni shilingi 7. Jumla 118. Asilimia 18 tena.

Sasa panda juu. Mtu anataka mwenzake ashike elfu ishirini mkononi. Kutoa ni 185. Kutuma 20,185 ni 108. Jumla ya makato ni 293. Hiyo haifiki hata asilimia moja na nusu.

Soma tena hizo namba. Anayetumiwa mia mbili ya unga analipiwa asilimia 18. Anayetumiwa elfu ishirini analipiwa asilimia moja na kitu. Wote wametumia mtambo ule ule, ujumbe ule ule, ejenti yule yule mwenye meza ya kijani. Na usiniambie ati ni gharama ya kazi, kwa sababu kompyuta haichoki zaidi ikibeba mia mbili. Naelewa ejenti lazima alipwe kitu hata kwa pesa ndogo, lakini kulipwa ni jambo moja, na asilimia 18 ya unga wa shosho ni jambo lingine.

Kama mambo ni hivyo, kwa nini shosho haachani nayo?

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni ujinga. Ati hajui. Wacha nikwambie, huyo shosho anajua bei za kutoa kwa kichwa. Anajua akitoa 2,500 ni 29 na akitoa 2,600 ni 52, ndio maana anakwambia "nitatoa elfu mbili na mia tano, hizo zingine zikae". Nimesimama kwa ejenti na wamama wanaopanga kutoa kwao kuliko mhasibu. Hawa si watu wasiojua.

Jibu la pili linatoka upande ule mwingine, upande wa matangazo. Ati tunaipenda. Ati ni fahari ya Mkenya, damu yetu ni ya kijani. Hii nayo ni stori. Kama ni mapenzi, basi kile kitu kingependwa kila mahali kilipopelekwa. M-Pesa hiyo hiyo ilipelekwa Afrika Kusini 2010 na Vodacom pamoja na benki ya Nedbank. Ikakosa watu, ikafungwa 2016. Jina lile lile, na kampuni za ukoo mmoja. Kule watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, hawakuwa na hiyo shida. Kwa hivyo hakuna uchawi ndani ya jina.

Na hapa kwetu tumekataa vitu vya makampuni makubwa mara nyingi. Mnakumbuka BebaPay? Ile kadi ya kulipia matatu, 2013, Google yenyewe pamoja na Equity. Google! Kampuni yenye pesa kuliko nchi nyingi. Abiria na makanga wakaiangalia, wakaendelea na noti zao, na 2015 ikazimwa. Serikali nayo ilijaribu 2014 kulazimisha matatu ziache pesa taslimu, ikashindwa. Watu hao hao mnaowaita kondoo walikataa Google na wakakataa serikali kwa wakati mmoja. Kondoo gani hao?

Kwa hivyo toa ujinga, toa mapenzi. Tuangalie sababu zenyewe.

Kwanza, kumbuka kulikuwa nini kabla. Wazee wetu watakwambia. Pesa ya kutoka Nairobi kuja Meru ilikuwa inawekwa kwa bahasha, unampa dereva ama mtu wa kijiji anayesafiri, halafu unaomba Mungu. Ama unaenda Posta unapanga laini. Ama unabeba mwenyewe mfukoni na unalala macho njia yote. M-Pesa ilipofunguliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, wito ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani, na hakuna mtu alihitaji kuelezwa mara mbili. Miezi tisa baadaye nchi ikawaka baada ya uchaguzi, watu wakafungiwa mitaani Nairobi bila benki na bila duka, na jamaa zao wakawatumia pesa na kredo kwa simu.

Halafu kuna jambo moja matangazo hayapendi kusema. Ile kitu haikubuniwa na kampuni peke yake. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya wakopaji wadogo wa Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Hiyo ndio ilikuwa mpango. Watumiaji ndio walianza kutumiana pesa wao kwa wao kwa sababu zao wenyewe, na waliokuwa wanafanya majaribio wakaona, wakabadilisha mpango. Yaani mwananchi wa kawaida alisaidia kuunda hii biashara. Na pesa za kuanzia, karibu pauni milioni moja, zilitoka kwa serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya misaada, na Vodafone nayo ikaweka zake. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Na ilisaidia kweli. Watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika kwa jarida la Science mwaka wa 2016 kwamba M-Pesa imetoa familia karibu 194,000 kwa umaskini, kama asilimia 2 ya familia za Kenya. Kabla ya hapo walikuwa wameonyesha kwamba mtu akipatwa na shida, kama ugonjwa ama kufutwa kazi, familia isiyo na M-Pesa inapunguza matumizi kwa kama asilimia 7, na ile iliyo nayo haitikisiki, kwa sababu ndugu anaweza kutuma kitu siku hiyo hiyo. Mimi sipingi hayo hata kidogo. Nayaona hapa. Mtoto akilazwa usiku, saa moja haiishi kabla shangazi wa Mombasa na binamu wa Nakuru wametuma. Hiyo ndio bima ya watu wengi hapa.

Lakini angalia vizuri imesaidia kwa njia gani. Imesaidia kwa sababu ndugu wote wako hapo. Na hiyo ndio sababu ya pili, na ndio kubwa.

Anayetuma haamui atumie mtandao gani. Anayepokea ndiye anaamua, na anayepokea naye anaamuliwa na watu wanaomzunguka. Mama anayeuza ndizi hawezi kukaa kwa mtandao ambao dalali hana. Dalali hawezi kukaa kwa mtandao ambao mwenye lori hana. Mwenye lori anahitaji kulipa mafuta, na petroli inalipwa kwa Till. Ukimwambia mama mmoja ahame, unamwambia aache kulipwa. Ndio ahame bila kuumia, lazima dalali, mwenye lori, petroli, shule, chama na kanisa wahame siku moja asubuhi. Nani ataitisha huo mkutano?

Sasa utaniambia, "Airtel kwa Airtel kutuma ni bure, kwani watu hawaoni?" Wanaona. Watu wengi wana laini mbili, hata simu ya kabambe ina mahali pa laini mbili, na hiyo ya pili ni ya bando. Lakini bure ni ukimtumia mtu aliye Airtel na anayetaka zikae huko huko. Ukimtumia aliye M-Pesa, si bure tena. Na huyo wa Airtel akitaka kushika noti, lazima atafute ejenti wa Airtel mwenye pesa ya kutosha siku hiyo. M-Pesa ina maejenti zaidi ya 250,000 nchi nzima. Benki zote za Kenya zikiunganishwa hazina matawi zaidi ya kama 1,500. Hapa kijijini ejenti wa kijani yuko hatua chache, pale kwa duka la mbolea na pale kwa kinyozi. Kuokoa shilingi saba halafu upande boda kutafuta ejenti mwingine, hiyo ni akili gani? Huyo mtaalamu wa mtandaoni anaishi mahali anaweza kulipa kila kitu kwa kadi, ndio maana haioni hiyo boda.

Na haikutokea hivi hivi. Kwa miaka mingi maejenti wa Safaricom hawakuruhusiwa kufanya kazi na mtandao mwingine. Ni mpaka 2014 ndio mamlaka ya ushindani ikaondoa hilo sharti baada ya Airtel kulalamika. Miaka saba! Kutuma moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine hapa kwetu kulianza 2018. Wenzetu Tanzania, Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana 2014, na Vodacom ikaingia 2016. Kule hakuna mtandao uliomeza wote. Hapa, wakati mlango unafunguliwa, watu wote walikuwa wameshaingia chumba kimoja, na mpaka leo karibu laini tisa kati ya kumi za pesa kwa simu ni za M-Pesa. Ukiweka ukuta miaka saba halafu ukabomoa, usiseme "waliobaki ndani wamependa wenyewe".

Sababu ya tatu ni ujumbe. Hii watu wa mjini hawaichukulii maanani. Ile meseji inayoingia ikiwa na jina lako, kiasi, tarehe na saa, hiyo kwetu ni shahidi. Mweka hazina wa chama anasambaza ujumbe kwa wanachama wote ndio kusiwe na maneno. Kibarua akilipwa siku nne na mwenye shamba aseme alilipa sita, simu inatoa hukumu. Kwa mazishi, kila mchango unasomwa kutoka kwa simu. Kabla ya kutuma, unaonyeshwa jina la unayemtumia, na ukikosea unaweza kuomba zirudishwe. Pesa taslimu haina jina, na noti haiwezi kukumbuka ilitoka kwa nani. Watu wasio na wakili wamepata karani wa bure mfukoni, unataka wamtupe kwa sababu wewe una hasira na shilingi saba?

Ya nne ni kwamba kila mlango mwingine umewekewa kufuli hilo hilo. Shule inataka Paybill. Stima inataka Paybill. Serikali yenyewe ilikusanya malipo ya huduma zake kwa Paybill moja, 222222, mwaka wa 2023. Mkopo wa dharura unatoka huko huko. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikaja Januari 2019. Na mkopo wako unategemea unavyotumia laini. Ukihama, unaanza sifuri kama mtu asiyejulikana. Ile namba umeshika miaka kumi ndio jina lako kwa benki, kwa mwajiri, kwa mpenzi wako wa zamani na kwa chama.

Na hapo kwa Fuliza niseme kidogo. Fuliza inachukua asilimia 1 ukiitumia, halafu kuna ada ya kila siku mpaka umalize. Sitaki kumhukumu mtu aliyefuliza nauli ama dawa. Lakini sistimu imepangwa hivi: pesa yoyote ikiingia, deni linajikata kwanza. Haijali ni mshahara ama ni mchango wa hospitali. Mtu anatumiwa mia tano ya mgonjwa, inaingia mia na kitu, na aliyetuma anaona amedanganywa. Deni lazima lilipwe, ndiyo. Lakini hata mahakama ikikamata mali ya mdaiwa, kuna vitu vya kuishi ambavyo sheria inamwachia. Mbona simu iwe kali kuliko korti?

Kwa hivyo ukijumlisha hizo sababu nne, unaona mtu anayebaki M-Pesa anafanya kitu cha busara kabisa. Mtu mmoja mmoja akifikiri vizuri, wote wanabaki. Na wote wakibaki, bei inawekwa na mtu ambaye hana wa kumwogopa. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025, M-Pesa iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 160. Pesa ndogo ndogo za unga nazo ziko ndani ya hiyo bilioni.

Kuna watu watasema, "Ni kampuni ya biashara, iache ipate faida, imejenga mitambo." Sawa. Faida ipate. Lakini msisahau ile pauni karibu milioni moja ya msaada. Msisahau ule ukuta wa maejenti. Msisahau kwamba masafa ya simu ni ya umma. Na pesa zetu zinazolala kwa M-Pesa zinawekwa kwa akaunti za dhamana benki. Riba inayotoka hapo, wewe mwenye pesa hupati hata senti, kanuni zinasema iende kwa kazi za hisani. Hisani ni nzuri, shule zinajengwa na hospitali zinasaidiwa. Lakini tukubaliane basi kwamba shosho wa Kanyakine ni mmoja wa wafadhili wakubwa nchi hii, na bado analipishwa 29 kutoa mia mbili yake. Mfadhili gani anatozwa kiingilio?

Na nani angemtetea? Serikali. Lakini serikali imekaa pande zote mbili za meza. Kwa miaka mingi imekuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom, kwa hivyo faida ikipanda inapata gawio. Halafu inatoza ushuru juu ya ada. Ulianza na asilimia 10 mwaka wa 2013, ukawa 12 mwaka wa 2018, ukawa 15 mwaka wa 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka iwe 20, na mnajua vizuri kilichotokea Juni ile. Vijana wa umri wangu waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa. Watu wakiambiwa hiyo ilikuwa kelele ya TikTok, wakumbushwe kwamba hata shilingi chache za kutoa pesa zilikuwa ndani ya ule mswada. Refa ambaye anachukua sehemu ya kila goli hawezi kupuliza filimbi.

Na jirani zetu wametuonyesha watu hufanya nini wakisukumwa kupita kiasi. Uganda iliweka ushuru wa asilimia 1 kwa pesa za simu Julai 2018. Watu wakaandamana Kampala, wakarudi kwa noti, na kabla mwaka kuisha serikali ikapunguza mpaka nusu asilimia, na ikabaki kwa kutoa tu. Tanzania ikaweka tozo ya miamala Julai 2021, kelele zikawa nyingi, na Septemba hiyo hiyo ikakata kwa asilimia 30. Kwa hivyo hata hii ngome ina mlango wa nyuma, nao ni pesa taslimu. Watu wakirudi kwa bahasha ya dereva, hakuna atakayefaidika, si kampuni wala mkusanya ushuru, na shosho ataibiwa njiani kama zamani.

Kitu kinachonikasirisha zaidi ni kwamba tayari tulishajaribu njia nyingine na ikafanya kazi. Machi 2020 korona ilipoingia, ada ya kutuma elfu moja kwenda chini iliondolewa. Ikakaa hivyo mpaka mwisho wa Desemba 2020. Je, mitambo ilianguka? Kampuni ilifilisika? Watu walitumiana pesa ndogo zaidi, Benki Kuu yenyewe ikasema hivyo, na wapya wakaingia. Na ada zilipokuja Januari 2021, kutuma mia moja kwenda chini kuliachwa bure mpaka leo. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani. Iliwezekana miezi tisa, na kipande kimoja bado kinawezekana.

Basi tunadai nini? Nitasema vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachoitisha muujiza.

Kutoa pesa ndogo kupunguzwe. Hapa ndio shosho anaumia, si kwa kutuma. Kutuma bure bila kushughulikia kutoa ni kumpa mtu mlango wa bure na kumuuzia ufunguo. Mtu anayetoa mia mbili asilipe sawa na anayetoa 2,500.

Ushuru uondolewe kabisa kwa miamala ya chini ya elfu moja. Serikali ikitaka pesa ya barabara, iende kwa wenye barabara zao binafsi.

Ejenti mmoja, meza moja, mitandao yote. Nitoe pesa ya mtandao wowote kwa ejenti yeyote, kama vile kadi ya benki moja inavyotoa pesa kwa mashine ya benki nyingine. Hiki ndicho kitu kingefanya maneno "hamia kwingine" yawe na maana. Siku hiyo ikifika, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuwaambia watu wahame, na nina hakika bei itashuka kabla hatujahama, kwa sababu mwenye bei atakuwa anatuangalia miguu.

Na deni la simu liache kitu. Pesa ikiingia, mkopo ukate sehemu, usimeze yote. Kiasi fulani kibaki cha kula na cha dawa.

Hayo yote yanaweza kuamuliwa na watu wachache sana Nairobi: Benki Kuu, Hazina, bunge, mamlaka ya mawasiliano na ile ya ushindani. Mbunge wako anajua namba yako wakati wa kura, na wewe sasa unajua hesabu. Akija kwa mazishi ama harambee, akitoa bahasha, mwulize mbele ya watu: shilingi 29 ya kutoa mia mbili, msimamo wako ni gani? Usimwache ajibu kwa methali.

Na wewe mtaalamu wa simu mpya, nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hujaita mtu kondoo tena, tuma mia mbili kwa mtu wa kijijini anayeihitaji leo jioni. Lakini tuma na ya kutoa.